Carl Koller, munganga aliyetia jicho ganzi

Mtoto akipasuliwa jicho, hofu ya wazazi haiishie kwenye kisu. Mara nyingi shida inaanza pale anapoamka: analia, anajitupa huku na kule, anataka kutoa bandeji. Mtu aliyefungua njia ya kupunguza shida hiyo aliitwa Carl Koller.

Alizaliwa mwaka 1857 huko Bohemia, sehemu ya nchi ya Cheki ya leo, akasomea uganga Vienna, Austria. Wakati ule mgonjwa alilazwa kwa eta ao klorofomu. Akiamka, alikuwa anatapika na kuhangaika, na kidonda cha jicho kiliweza kufunguka, juu nyuzi laini za kushona jicho hazikuwepo bado.

Koller alitafuta dawa ya kutia ganzi jicho peke yake. Rafiki yake Sigmund Freud alikuwa anachunguza kokaini, na ilijulikana kama dawa hiyo inafanya ulimi ufe ganzi. Mwaka 1884 Koller akawaza: kama ni hivyo kwa ulimi, mbona si kwa jicho? Alijaribisha matone kwa chura, kisha kwa sungura na mbwa, mwishowe kwa jicho lake mwenyewe. Akaligusa na kichwa cha pini: hakusikia kitu.

Tarehe 15 Septemba 1884, habari hiyo ilisomwa mbele ya waganga wa macho huko Heidelberg, Ujerumani. Koller hakufika, juu hakukuwa na feza ya safari. Mwenzake ndiye alimsomea.

Sifa ilienea haraka, lakini haikumulinda. Januari 1885, munganga mwenzake alimtukana juu yeye ni Myahudi. Koller akampiga, kisha wakapigana kwa panga. Kazi aliyotamani Vienna hakuipata. Akapitia Uholanzi, na mwaka 1888 akahamia New York, fasi alitibu macho kwa miaka mingi. Alikufa mwaka 1944.

Baadaye kokaini iliachiwa dawa zingine za ganzi, juu ilikuwa na sumu na watu waliizoea vibaya. Mpaka leo watoto wanalazwa usingizi mzima, juu hawawezi kutulia chini ya kisu. Lakini waganga wengi wanaongeza ganzi kwenye jicho, ili mtoto aamke bila maumivu makali, mama ao baba akiwa karibu. Kuhangaika hakuishe kabisa, ila kunapungua. Mzazi ana haki ya kuuliza juu ya ganzi hiyo mbele mtoto aingie kupasuliwa.