Jorge Chávez: Rubani aliyerejeshwa kwao baada ya miaka 47

MABAKI ya rubani Jorge Chávez yalipowasili nchini Peru mwaka wa 1957, yalikuwa yamelala ughaibuni kwa miaka 47, muda unaozidi maradufu ya umri aliokuwa nao alipoaga dunia.

Taifa lilimpokea kama shujaa wake, ilhali hakuzaliwa wala kulelewa katika ardhi hiyo.

Chávez alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Juni 13, 1887. Wazazi wake walikuwa raia wa Peru. Alikulia Ufaransa, akasomea uhandisi huko na kufuzu mwaka wa 1908. Aidha, alikuwa mwanaspoti hodari.

Enzi hizo urubani ulikuwa fani changa yenye hatari tele. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wamepaa kwa mara ya kwanza Desemba 1903. Naye Mfaransa Louis Blériot alivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa ndege Julai 1909.

Chávez alijitosa katika fani hiyo mapema mwaka wa 1910. Haikuchukua muda kabla ya jina lake kuvuma. Mnamo Septemba 8 mwaka huo, alivunja rekodi ya dunia kwa kupaa zaidi ya mita 2,500 karibu na Paris.

Ni ufanisi huo uliomfanya atazamwe kama mtu anayeweza kutimiza jambo ambalo wengi waliliona muhali: kuvuka milima ya Alps kwa ndege.

Waandalizi wa mashindano nchini Italia walikuwa wameahidi zawadi nono kwa rubani ambaye angeruka kutoka mji wa Brig, Uswisi, hadi Milan. Njia ilipitia Simplon, mwanya wa milimani ulio kimo cha takriban mita 2,000, ambako upepo huvuma kwa ghadhabu baina ya magenge.

Jaribio lake la awali lilitibuliwa na upepo huo, akalazimika kurudi. Hata hivyo, hakukata tamaa.

Alasiri ya Septemba 23, 1910, aliondoka tena kwa ndege aina ya Blériot, chombo chepesi cha mbao na kitambaa, ambacho rubani wake alikaa wazi kwenye baridi kali. Baada ya dakika zipatazo 40 alikuwa ameshavuka milima na kuanza kuteremka kuelekea mji wa Domodossola, Italia. Hakuna aliyekuwa amewahi kuivuka milima hiyo kwa ndege kabla yake.

Lakini ajali haina kinga. Ndege ikiwa imesalia mita chache tu itue, mabawa yake yalikunjika, ikaanguka mbele ya umati uliokuja kumlaki. Inaaminika kwamba misukosuko ya upepo milimani ilikuwa imeyadhoofisha.

Chávez alitolewa katika vifusi akiwa hai, miguu yake ikiwa imevunjika. Kulikuwa na matumaini kwamba angepona, ila hali yake ilizidi kudhoofika. Alikata roho hospitalini Septemba 27, siku nne baada ya ajali, akiwa na umri wa miaka 23.

Milan hakufika. Hata hivyo, alikuwa amedhihirisha kwamba milima haikuwa tena kizuizi kwa binadamu.

Alizikwa Ufaransa, nchi iliyomlea. Peru nayo haikumsahau. Mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa jijini Lima mwaka wa 1937, na miaka 20 baadaye taifa likayarejesha mabaki yake. Yalizikwa Las Palmas, kambi ya jeshi la wanahewa jijini humo, miongoni mwa vijana wanaojifunza kazi iliyomgharimu maisha.

Mwaka wa 1965, uwanja mkuu wa ndege wa Lima ulipewa jina lake, na unaitwa hivyo hadi leo.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Katika kisa cha Chávez, ni kwao kulikokataa kumwacha. Kijana aliyezaliwa ng'ambo na kufia ng'ambo alitafutiwa nafasi katika ardhi ya wazazi wake, na kila msafiri anayetua Lima kwa ndege hulakiwa kwa jina la rubani ambaye safari yake ilikatika mita chache kabla ya kutua.