Sheridan Le Fanu na Mgeni Aliyekaribishwa

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa ni nani aliyemleta mnyonya damu katika riwaya ya Kiingereza, aghalabu atamtaja Bram Stoker na kitabu chake Dracula cha mwaka 1897. Jibu hilo limekaririwa mno hata limekuwa kama sheria. Ukweli ni kwamba miaka 25 kabla ya Dracula, mtu mwingine wa mji ule ule wa Dublin alikuwa amekwisha kuandika habari za mnyonya damu aliye mwanamke, ambaye mawindo yake yalikuwa wanawake wenziwe, na ambaye aliwapenda kabla ya kuwaua. Mtu huyo ni Joseph Sheridan Le Fanu, na hadithi yake inaitwa Carmilla. Hadithi na filamu nyingi za aina hiyo zilizofuata zinamwia deni, ijapokuwa wengi wa watengenezaji wake, kwa maoni yangu, hawakumsoma vizuri.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mnyonya damu anayezungumziwa hapa si mumiani wa masimulizi ya pwani yetu. Mumiani ni mtu hai mwenye tamaa, anayedhaniwa kuwavizia watu ili damu yao ikatengenezwe dawa. Mnyonya damu wa Ulaya ni maiti iliyokataa kufa. Hutoka kaburini, hunywa damu ya walio hai, kisha hurudi kulala. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana mumiani ni mtu baki, ilhali maiti ina jina, ina ukoo, na pengine ina watu waliowahi kuipenda.

Le Fanu alizaliwa Dublin tarehe 28 Agosti 1814. Jina lake la Kifaransa latokana na mababu zake, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa kwa ajili ya dini yao. Nyanya yake mzaa baba aliandika tamthilia, na kaka wa nyanya huyo alikuwa Richard Brinsley Sheridan, bingwa wa tamthilia za kuchekesha aliyeandika The School for Scandal. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Ireland, yaani kanisa la watawala. Mama yake, kinyume na ilivyotarajiwa kwa mke wa kasisi wa namna hiyo, aliwahusudu wazalendo wa Kiayalandi walioasi mwaka 1798. Mtoto alilelewa basi kati ya utii wa baba na huruma ya mama kwa waasi.

Mwaka 1826 familia ilihamia Abington, katika wilaya ya Limerick. Hapo ndipo Le Fanu alipojifunza mambo mawili ambayo hayakumtoka maishani. La kwanza ni hadithi za wanakijiji kuhusu ziwa la Lough Gur na viumbe wa ajabu wanaoiba watoto, ambazo aliziandika akiwa mtu mzima. La pili ni chuki. Wakulima wa Kikatoliki walilazimishwa kulipa zaka kwa kanisa lisilokuwa lao, na kuanzia mwaka 1831 wakagoma. Nyumba ya kasisi, iliyokuwa imezoeana na majirani, ikajikuta inatazamwa kwa jicho la uadui. Mapato yalikauka. Baba alipofariki mwaka 1845, watoto walilazimika kuuza maktaba yake ili kulipa sehemu ya madeni. Mtu aliyekulia katika nyumba nzuri iliyozungukwa na watu wasioitakia mema hawezi kuandika juu ya kasri kana kwamba ni mahali pa usalama.

Alisomea sheria katika Chuo cha Trinity, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1839, lakini hakuwahi kufanya kazi hiyo. Badala yake aliingia katika uandishi wa magazeti, na muda si muda akawa mmiliki wa magazeti kadhaa, likiwamo The Warder na hisa katika Dublin Evening Mail. Kisiasa alikuwa mhafidhina. Hata hivyo, njaa kuu ilipowaangamiza Waayalandi wapatao milioni moja kati ya mwaka 1845 na 1849, aliungana na wapinzani wa serikali kulaani uzembe wa London. Kitendo hicho kilimgharimu mwaka 1852, pale alipokosa kuteuliwa na chama chake kugombea ubunge wa Carlow. Magazeti yenyewe sina haja ya kuyaeleza zaidi, kwani yalimlisha tu.

Alimwoa Susanna Bennett, binti wa wakili mashuhuri, wakajaliwa watoto wanne. Susanna alikuwa mtu wa wasiwasi. Kila ndugu wa karibu alipofariki, imani yake ya dini ilitikisika zaidi, hata akawa anatafuta faraja kwa shemeji yake, William, ambaye alikuwa mcha Mungu, kuliko kwa mumewe, ambaye mwenyewe alikuwa na mashaka. Baba yake Susanna alipofariki, pigo likawa kubwa mno. Le Fanu ameacha maandishi yanayosimulia kwamba usiku mmoja mkewe alimwona marehemu baba yake akifunua pazia la kitanda. Alikuwa amevaa nguo zake za kila siku, uso umejaa upendo, akamweleza kwa upole kwamba ndani ya kaburi la familia imebaki nafasi yake. Mwezi wa Aprili 1858 Susanna alishikwa ghafla na maradhi ya fadhaa, na siku iliyofuata akafa. Alizikwa katika kaburi lile lile la ukoo wa Bennett, kwenye makaburi ya Mount Jerome.

Namwomba msomaji aishike habari hiyo ya pazia, kwa maana naiona kuwa ufunguo. Mfu aliyemjia Susanna hakuja kutisha. Alikuja kwa mapenzi, akaleta mwaliko.

Kwa miaka kadhaa baada ya msiba huo Le Fanu hakuandika hadithi yoyote. Mwaka 1861 mama yake naye alifariki, na mwaka huo huo akalinunua na kulihariri jarida la Dublin University Magazine. Ndipo kalamu ikafunguka: The House by the Churchyard mwaka 1863, kisha Uncle Silas mwaka 1864, na nyingine nyingi. Mchapishaji wake wa London alimtaka aandike juu ya Uingereza ya siku hizo, si Ireland ya kale, naye akatii. Lakini katika Uncle Silas alifanya jambo linalohusu mada yetu: masimulizi yote aliyatia kinywani mwa msichana, Maud, anayefungiwa katika nyumba ya ami anayeutamani urithi wake. Mwanamume wa makamo, mjane, mhafidhina, alikuwa ameanza kusikiliza hofu kwa sikio la mwanamke.

Wakati huo alikuwa amejitenga na watu. Wakazi wa Dublin walimbandika jina la mwanamfalme asiyeonekana. Mwanawe alisimulia baadaye kwamba aliandika usiku kitandani, kwa mwanga wa mishumaa miwili, akijikaza kwa chai kali. Mambo kama haya hupendwa na waandishi wa wasifu na huenda yametiwa chumvi, lakini kujitenga kwake hakuna anayekukanusha.

Carmilla ilitoka kwa sehemu katika jarida la The Dark Blue la London, mwishoni mwa 1871 na mwanzoni mwa 1872, kisha ikaingizwa katika kitabu chake In a Glass Darkly mwaka 1872. Msimulizi ni msichana aitwaye Laura. Anaishi na baba yake Mwingereza katika kasri la upweke huko Styria, jimbo la Austria. Mama yake, aliyekwisha kufa, alikuwa mwenyeji wa nchi. Laura ana umri wa miaka 19, hana rafiki wa rika lake, na anajiita Mwingereza wa nchi asiyopata kuiona. Jioni moja gari la farasi lapinduka karibu na kasri. Ndani yake mna msichana mzuri aliyezirai, na bibi anayejiita mama yake adai kwamba ana safari ya dharura isiyoweza kungoja. Laura amsihi baba yake amruhusu mgonjwa abaki. Baba akubali. Mgeni akaribishwa kwa miezi mitatu.

Tazama jinsi jambo lilivyopangwa. Mnyonya damu hakuvunja dirisha. Ameombewa hifadhi na yule yule atakayemdhuru, na mlango umefunguliwa na baba mwenye nia njema. Carmilla ni mlegevu mchana, hali chakula cha maana, hukasirika asikiapo wimbo wa mazishi. Humkumbatia Laura na kumtamkia mapenzi makali, na Laura akiri waziwazi kwamba alivutwa na alichukizwa kwa wakati mmoja. Wakati huo huo wasichana wa wakulima wa jirani wanakufa mmoja mmoja, na Carmilla hawaonei huruma hata kidogo, kwa sababu si wa tabaka lake. Baadaye yagunduliwa kwamba Carmilla ni Mircalla, mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Karnstein, aliyezikwa yapata miaka 150 nyuma. Na mama yake Laura alitoka katika ukoo huo huo. Mgeni alikuwa jamaa.

Wapo wahakiki wanaoisoma hadithi hii kama habari za Ireland iliyofichwa chini ya nguo za Austria: kabaila aliyekufa anayeendelea kuwanyonya wakulima, na mlowezi anayeishi kwa starehe karibu na kijiji kilichobaki magofu. Nawaunga mkono. Lakini usomaji huo peke yake haumfikii Susanna aliyelala nyuma ya pazia.

Jenerali mmoja, aliyekwisha kumpoteza binti aliyemlea kwa njia ile ile, ndiye anayeongoza msako. Kaburi lafunguliwa, mwili wakutwa mzima katika jeneza lililojaa damu kina cha inchi 7. Wanaume wauchoma mti moyoni, wakata kichwa, wateketeza mwili, na majivu watupa mtoni. Hapa mwalimu asimame awaonyeshe wanafunzi kitu. Laura hakuwapo. Tukio hilo analifupisha kutoka kwenye ripoti ya serikali ambayo baba yake ana nakala yake. Mapenzi na hofu anavisimulia kwa damu yake mwenyewe, lakini mauaji anayasimulia kwa lugha ya faili. Na miaka mingi baadaye bado anamkumbuka Carmilla kwa sura mbili, ya rafiki na ya zimwi, na wakati mwingine hudhani anasikia hatua zake mlangoni. Sauti yake haina ushindi hata kidogo.

Sidai kwamba Le Fanu alikuwa mtetezi wa mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke. Alikuwa mtu wa enzi ya Malkia Victoria, na katika hadithi yake mapenzi hayo hayatengani na maradhi na mauti. Lakini hakuwahubiria wasomaji wake. Alimwachia Laura neno la mwisho, na Laura hakukana.

Le Fanu alifariki Dublin tarehe 7 Februari 1873, mwenye umri wa miaka 58. Alizikwa Mount Jerome, katika kaburi la akina Bennett, pamoja na Susanna.

Stoker, aliyekuwa akiandika tahakiki za michezo ya kuigiza katika gazeti la Dublin Evening Mail, alimjua vyema kwa kalamu. Katika mipango yake ya awali Dracula alikuwa aishi Styria, kabla ya kuhamishiwa Transylvania. Sinema ilipokuja, Mdenmarki Carl Theodor Dreyer alikitumia kitabu cha Le Fanu kwa filamu yake Vampyr ya mwaka 1932, ingawa humo mnyonya damu amekuwa bibi kizee na mapenzi yametoweka. Mwaka 1936 Marekani ilitoa Dracula's Daughter, ambamo mwanamke anayetamani damu ya wasichana anamwendea daktari wa akili ili aponywe. Roger Vadim wa Ufaransa alijaribu mwaka 1960.

Filamu iliyoieneza zaidi hadithi hii ni The Vampire Lovers ya kampuni ya Hammer ya Uingereza, mwaka 1970. Udhibiti wa filamu ulikuwa umelegezwa, na kampuni ikaona faida katika miili ya wanawake. Ingrid Pitt, aliyemwigiza Carmilla, alijitahidi kumpa huzuni inayomstahili. Lakini angalia walichomfanyia Laura: jina lake amepewa binti aliye chini ya ulinzi wa Jenerali, naye anakufa mapema. Msimulizi ameuawa, na hadithi imebaki mikononi mwa wanaume wenye panga. Yaliyokuwa maungamo ya msichana yamegeuzwa maonyesho ya kutazamwa na wengine. Mwaka uliofuata Hammer iliongeza filamu nyingine mbili juu ya ukoo wa Karnstein, na ubora ukazidi kushuka.

Aliyemrudishia mwanamke sauti ni mwandishi mweusi wa Marekani, Jewelle Gomez, katika The Gilda Stories, mwaka 1991. Mhusika wake ni msichana aliyetoroka utumwa huko Louisiana mwaka 1850, akahifadhiwa na wanawake wanyonya damu. Gilda huchukua damu bila kuua, na kila anayemnywea humwachia kitu akilini kama malipo. Anayekaribishwa safari hii ndiye mkimbizi, na hofu imewaelekea wawinda watumwa.

Carmilla ina sura 16 fupi, na haki ya kuinakili ilikwisha zamani. Mwalimu anayetaka kuijaribu darasani anaweza kuanza na sura ya pili, gari linapopinduka, na kuwauliza wanafunzi ni nani hasa anayeomba mgeni abaki.