Herman Hollerith, enjenieri wa migodi aliyetia watu katika kolone

Watu wengi wanazania kama mutu akisoma elimu ya migodi, kazi yake ni mawe tu. Lakini kuko mmoja aliyesoma elimu hiyo, na jina lake halikubaki juu ya shaba wala makaa. Kazi yake inaingia mpaka leo katika fishi ya mushahara ya kila mufanyakazi. Anaitwa Herman Hollerith.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 huko Buffalo, jimbo la New York, inchi ya Marekani. Wazazi wake walitoka Ujerumani. Wanasimulia kama kwenye masomo ya utoto alisumbuka sana na kuandika maneno vizuri, hata alikuwa anakimbia darasa. Hata hivi, mwaka 1879, akiwa na miaka 19, alipata diploma ya enjenieri wa migodi kwenye masomo ya Columbia, New York.

Profesa wake mmoja akamuita Washington, kwenye kazi ya kuhesabu watu wa inchi. Hesabu ya 1880 ilikuwa ya watu zaidi ya milioni 50, na yote ilifanywa kwa mukono: makarani wanaangalia karatasi, wanatia alama ndogo ndogo, wanajumlisha. Ilikamata karibu miaka 8. Na sheria inasema kuhesabu kila miaka 10! Watu wangezidi kidogo tu, hesabu mpya ingeanza na ile ya zamani haijaisha.

Munganga John Shaw Billings, mukubwa wa hesabu za vifo na magonjwa, njo aliyemupa wazo la kutafuta mashini. Hollerith alipata jibu ndani ya treni. Siku zile mukaguzi alikuwa anatoboa tikiti ya kila musafiri kufuatana na sura yake: nywele za namna gani, macho ya rangi gani, pua kubwa ao ndogo. Hivi tikiti haiwezi kutumiwa na mutu mwingine. Hollerith akafikiri: kila mutu wa inchi apewe karte yake, na matundu yake.

Mashini ilikuwa hivi. Karte inawekwa chini, misumari midogo inashuka juu yake. Pahali pa tundu, musumari unapita, unagusa kikombe kidogo cha merkiri, umeme unapita, saa ya hesabu inasogea moja. Pahali hapana tundu, hakuna kitu. Alipewa haki ya uvumbuzi tarehe 8 Januari 1889, na mwaka 1890 mashini zake zilihesabu Marekani yote, karibu watu milioni 63. Jumla ilijulikana mbele ya mwaka kuisha.

Sisi wa sendika tuna jambo moja la kukumbuka hapo. Wanasimulia kama makarani wengine walikuwa wananyonya ile merkiri kwa kichupa cha matone na kuimwaga pahali pa kutemea mate, ili mashini isimame, wapumuzike kidogo. Mashini haichoki, lakini mutu anachoka.

Kisha akaingia kwa makompanyi ya treni. Huko matundu yalipangwa katika kolone: kila tarakimu na kolone yake. Njo siri ya kazi yote. Karte haisemi hii ni namba ya mufanyakazi ao hii ni feza. Ni pahali panaposema. Kama tumekubaliana kolone 1 mpaka 6 ni namba, na 7 mpaka 12 ni mushahara, basi tarakimu ikisogea nafasi moja tu, maana yake inageuka.

Mwaka 1896 alianzisha kompanyi yake. Hakuuza mashini, alizikodisha, na mutu wa kichwa nguvu alivyokuwa, aligombana na wakubwa wa serikali juu ya bei mpaka mashini zake zikatolewa kwenye ofisi ya hesabu mwaka 1905. Mwaka 1911 kompanyi iliunganishwa na zingine, na mwaka 1924 ikaitwa IBM. Mwaka 1928 IBM ilitoa karte ya kolone 80. Hollerith alikufa Washington tarehe 17 Novemba 1929, na ugonjwa wa moyo. Hakuona mwaka 1933, wakati karte hizo zilihesabu watu wa Ujerumani chini ya Hitler, na dini ya kila mutu ikapewa kolone yake.

Karte zimeisha, kolone zimebaki. Mpaka leo kuko malisti ya mushahara yanayotoka kwenye ordinatere bila musitari wala koma kati ya vitu, nafasi tupu tu. Mukanada Kenneth Iverson, aliyefanya kazi IBM, alitunga lugha ya ordinatere inayoitwa APL, kutoka kitabu chake cha 1962. Ndani yake listi nzima ni meza moja ya herufi. Unauliza mara moja: wapi ni patupu? Patupu panapewa 1, penye herufi panapewa 0. Kisha unashuka kila kolone toka juu mpaka chini: penye 1 kwa mistari yote, ni pahali pa kukata. Ni yale matundu ya Hollerith yamerudi.

Lakini muwe macho. Jina refu likijaza nafasi yake yote, linagusana na namba ya pembeni, na pale pa kukata hapaonekani tena. Nimeona listi ambamo jina lilikatwa katikati, na wafanyakazi wawili wakabaki na jina moja. Nimeona feza iliyosogea nafasi moja, 1 250 ikawa 125, na baba wa watoto anaambiwa kama ordinatere haidanganye.

Ordinatere inakata pahali mutu aliiambia ikate. Kwa hiyo, ndugu, mukipewa listi, musiombe jumla tu. Ombeni na upana wa kila kolone: inaanzia wapi, inaishia wapi, na ni nani alipanga.