Frederic Mohs: Daktari aliyekataa kubahatisha saratani ya uso

Uvimbe mdogo kando ya pua unaweza kuonekana kama chunusi tu. Tatizo ni kwamba baadhi ya saratani za ngozi zina mizizi isiyoonekana kwa macho. Daktari akikata kidogo, ugonjwa unarudi. Akikata sana, mgonjwa anabaki bila pua au kope.

Mtu aliyepata njia ya kutoka kwenye mtego huo ni Frederic Mohs, daktari wa Marekani.

Alianza akiwa mwanafunzi

Mohs alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Wisconsin. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, na mama yake akamlea mjini Madison kwa kupangisha vyumba. Ndoto yake ya kwanza haikuwa udaktari bali uhandisi wa redio.

Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimbadilisha mawazo. Akiwa bado mwanafunzi, alipata kazi katika maabara ya Profesa Michael Guyer. Huko walikuwa wakidunga kemikali mbalimbali kwenye uvimbe wa wanyama.

Kemikali moja, zinki kloridi, ilifanya jambo la ajabu. Iliua nyama ya uvimbe, lakini chini ya darubini seli zilionekana vizuri kama zilivyokuwa. Hapo ndipo Mohs alipopata wazo lake: kwa nini asitoe saratani tabaka kwa tabaka, huku akikagua kila tabaka?

Ramani ya uso

Mwaka 1936 alianza kutibu wagonjwa. Alipaka dawa nzito ya zinki kloridi juu ya uvimbe, akasubiri, kisha akakata tabaka jembamba. Alichora ramani ya kidonda, akaweka rangi pembeni mwa kipande, halafu akakagua upande wote wa chini na kingo zake kwa darubini.

Palipobaki saratani, alirudi kukata pale pale tu. Palipo salama hapakuguswa.

Mwaka 1941 alichapisha matokeo ya wagonjwa 440. Hata hivyo, wapasuaji wengi walikuwa na mashaka. Kupaka dawa kwenye saratani kuliwakumbusha waganga matapeli. Isitoshe, dawa yenyewe iliuma, na matibabu yangeweza kuchukua siku kadhaa.

Filamu iliyobadilisha mambo

Mwaka 1953 Mohs alikuwa anarekodi filamu ya matibabu ya saratani ya kope. Ili kuokoa muda, aliacha dawa, akatumia sindano ya ganzi na kukata nyama mbichi. Kumbe ilifanya kazi vizuri tu!

Faida kubwa ilikuwa kwenye kurekebisha uso. Zamani kidonda kiliachwa kipone chenyewe kwa wiki nyingi, kwa sababu dawa iliacha nyama iliyokufa. Bila dawa, kidonda safi kingeweza kushonwa siku hiyo hiyo, kuzibwa kwa ngozi ya jirani, au kupandikizwa ngozi kutoka nyuma ya sikio.

Lakini njia hiyo mpya haikushika kasi hadi miaka ya 1970, madaktari wengine walipotangaza matokeo yao mazuri.

Urithi wake

Leo upasuaji huu unaitwa kwa jina lake. Unatumika sana kwa saratani za kawaida za ngozi ya uso, lakini pia kwa zile adimu zinazosumbua: saratani ya tezi za mafuta kwenye kope, au ile ya tezi za jasho inayopenda kujificha karibu na mdomo na kufuata mishipa ya fahamu. Hizo ndizo zinazomdanganya daktari anayetegemea macho peke yake.

Mohs alifariki Julai 2002, akiwa na umri wa miaka 92. Kanuni yake bado ni ile ile: usizibe kidonda usoni kabla darubini haijathibitisha kwamba saratani imekwisha.