Imamu Ghazali: Mwalimu Aliyefungwa Ulimi

Jina la Imamu Ghazali si geni kwa watu wa mwambao wetu. Mtoto wa chuoni hulisikia kabla hajajua ni la nani, na mzee aketiye darsani baada ya Magharibi hulitaja kama amtajaye jirani yake. Hata hivyo wengi wetu twamjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihya, wala hatukupata kujua kilichompata mtu huyu hata akakiandika. Leo, msomaji, twataka kumtazama mwenyewe, na hasa ile miezi sita ya mwaka wa 1095 iliyoyapindua maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 450 wa Hijiria kwa kauli ya wengi, yaani 1058, katika mji wa Tus, jimbo la Khurasan, pande ambazo leo ni Iran. Jina lake ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad. Yasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini, akisokota sufu na kuiuza. Mauti yalipomkaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu wa njia ya masufi, pamoja na akiba ndogo ya kuwasomeshea. Akiba haikukaa. Yule rafiki, naye hana kitu, akawashauri waingie madrasa, kwani huko mwanafunzi alipata chakula na pa kulala. Ghazali hakulificha jambo hili alipokuwa mkubwa. Alikiri kwamba elimu waliianza kwa sababu nyingine, si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Kuna kisa cha ujana wake ambacho walimu wetu hupenda kukisimulia. Alikuwa akirudi Tus kutoka Jurjan, alikokwenda kusoma, na msafara wao ukavamiwa na wanyang'anyi. Walichukua kila kitu, na mkoba wake wenye karatasi za masomo pia. Kijana akawafuata nyuma, akamwomba mkubwa wao amrudishie zile karatasi, kwani hazitawafaa kitu, na yeye elimu yake yote imo humo. Yule mnyang'anyi akacheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo ikichukuliwa mkoba imekwisha. Akamrudishia. Ghazali alifika kwao akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, ili asiibiwe tena. Mimi huona kuwa kijana yule siku ile alilifahamu neno la mwizi nusu tu. Nusu ya pili ilimchukua miaka mingi.

Kutoka hapo alikwenda Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake, Imamul Haramayn Juwayni, akawa mbele ya wenziwe wote. Mwalimu wake alipofariki mwaka wa 1085, Ghazali alijiunga na baraza ya Nizam al-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki. Hapo wanazuoni walikuwa wakishindana kwa hoja, naye akiwashinda. Mwaka wa 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, waziri alimpa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad. Ilikuwa cheo ambacho wazee wenye mvi walikuwa wakikitamani. Alikuwa na wanafunzi mia tatu mbele yake. Makhalifa na mawaziri walimtaka shauri. Katika nafasi alizozipata kati ya darsa alizisoma falsafa za Wayunani peke yake, bila mwalimu, kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akaandika kitabu cha kuzijibu.

Yupo mtu aliyemjua vyema siku zile, Abdul Ghafir al-Farisi wa Nishapur, ambaye aliacha maelezo yake. Yeye asema bila kuficha kwamba Ghazali alikuwa na kiburi. Aliwatazama watu kwa jicho la dharau, akijiona kwa ufasaha wake na akili yake na cheo chake. Ni vizuri tulijue hilo, maana sisi tukisimulia habari za wakubwa wa dini huwapaka mafuta tangu utotoni, tukawafanya kana kwamba hawakuwa na la kutubia.

Basi mwaka wa 1095 Ghazali alianza kujitazama. Amelieleza jambo hili mwenyewe katika kitabu chake cha Munqidh, alichokiandika karibu na mwisho wa maisha yake. Alikuwa amevisoma vitabu vya Abu Talib al-Makki, na vya Harith al-Muhasibi, yule mzee wa Baghdad aliyefariki mwaka wa 857 na aliyepewa jina hilo kwa kuihasibu sana nafsi yake. Akaona kuwa elimu ya watu hawa si ya kusema, ni ya kuonja. Tena kujua maana ya ulevi si kulewa, na tabibu mgonjwa huijua siha kwa vitabu, ilhali mwilini hanayo. Akajiuliza anafundisha kwa ajili ya nani. Alipoitazama nia yake hakuiona safi. Alikuta kinachomsukuma ni kutaka jina na heshima.

Kulijua hilo kulikuwa jambo moja. Kuondoka lilikuwa jingine. Kwa muda wa karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu, alikuwa akiazimia leo kuondoka Baghdad, kesho akitengua. Asubuhi moyo waelekea akhera, jioni matamanio yaja kama jeshi na kuuvamia. Mwisho ulimi wake ulikataa. Aliketi mbele ya wanafunzi ajitahidi kusema, neno lisitoke. Huzuni ikamshukia tumboni, chakula na maji havikupita. Matabibu walimtazama, wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yametoka moyoni na dawa yake ni moyo wenyewe kutua.

Wapo wanahistoria wanaosema hii ilikuwa hofu ya siasa. Ni kweli Nizam al-Mulk aliuawa mwaka wa 1092, sultani naye akafa baada yake kidogo, na mapigano ya urithi yakawa kila upande. Hapana shaka mambo hayo yalimgusa. Lakini mtu anayekimbia siasa haandiki kwamba alikuwa akifundisha kwa kutaka sifa. Angetafuta udhuru ulio mzuri kuliko huo.

Mwezi wa Novemba 1095 aliondoka. Alitangaza anakwenda Makka, na moyoni ameazimia kwenda Sham, maana alichelea khalifa na marafiki wasimzuie. Jambo hili pia amelikiri. Mali yake aliigawa, akabakisha kadiri ya kuwalisha watoto wake. Ndugu yake Ahmad akashika darsa.

Huko Sham alikaa karibu miaka miwili, kwanza Dameski. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya, akijifungia mlango mchana kutwa. Mtu ambaye jana mia tatu walikuwa wakiandika kila alitamkalo, leo hana wa kumsikiliza. Kisha akaenda Baitul Muqaddas, akajifungia katika Kuba ya Mwamba. Mwaka wa 1096, mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim huko Khalil, aliweka nadhiri tatu: hatakwenda kwa mtawala yeyote, hatapokea fedha za mtawala, wala hatafanya mabishano ya hadharani. Halafu akahiji.

Alifanya nini katika faragha hiyo? Siku hizi watu husikia sana habari za yoga ya Wahindi, ya kuketi kimya na kuichunga pumzi na fikira. Waislamu waliijua zamani. Al-Biruni, aliyefariki karibu na mwaka wa 1050, alikuwa amekwisha kukifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali. Njia ya Ghazali lakini ilitoka kwa wale masufi aliowataja. Ameeleza katika Ihya jinsi mtu anavyoketi peke yake mahali pa faragha, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, moyo umehudhuria, mpaka ulimi wenyewe usite na neno libaki likipita moyoni. Kisha hata herufi zake zifutike, ikae maana yake tu.

Hiyo ilikuwa sehemu moja. Ya pili ni kuihasibu nafsi, na hapo ndipo pagumu. Ihya ina vitabu 40 ndani yake, na cha 38 ni cha muraqaba na muhasaba. Sisi wa miji ya bandari tutaufahamu upesi mfano alioutumia, kwa kuwa ni wa biashara. Nafsi ni mshirika wako, na umri ndio rasilimali. Baada ya Alfajiri, keti naye umpe masharti, kiungo kwa kiungo: jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu. Mchana kutwa mchunge, na kabla ya kila tendo simama uulize ni la Mungu au la matamanio. Usiku fungua daftari, uone faida na hasara. Akikudhulumu mtoze faini, kisha mshike kazi zaidi, kisha mlaumu. Ghazali asema mtu humkagua mshirika wake wa duka kwa senti moja, ila nafsi yake humwachia umri mzima bila kumwuliza.

Wala asidhani msomaji kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Watoto wake walikuwa wakimwita, na haja za nyumbani zikamrudisha nyumbani. Amesema waziwazi kuwa mahitaji ya maisha yaliuchafua utulivu wa faragha yake, na hali ile safi alikuwa akiipata mara moja moja tu. Hali hiyo iliendelea miaka kama kumi na moja. Wako waliomlaumu kwamba Wafaransa wa Misalaba waliiteka Baitul Muqaddas mwaka wa 1099, mji ule ule aliojifungia, naye asiandike kuhusu msiba huo. Lawama hiyo ina uzito, na hatuna haja ya kumtetea kila mahali.

Mwaka wa 1106 Fakhr al-Mulk, mwana wa yule waziri wa zamani, alimtaka arudi kufundisha Nishapur. Nadhiri ya Khalil ilikuwa bado shingoni, na kurudi huko kwa amri ya mtawala kulikuwa kuigusa. Alifikiri, akataka shauri kwa watu wa moyo, akaenda. Alisema umbo lake limerudi kwenye kazi ile ile, lakini nia siyo ile. Watu hawakumwamini moja kwa moja. Al-Farisi alikuwa wa kwanza kushuku: aliuona unyenyekevu wa Ghazali akadhani ni vazi la kujionyesha. Alimzuru mara nyingi, akampeleleza, mpaka akaridhika kwamba mtu amegeuka kweli.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirudi Tus, akajenga madrasa na mahali pa masufi jirani na nyumba yake. Siku zake za mwisho alikuwa akisoma Hadithi, Bukhari na Muslim, kama mwanafunzi, kwa kuwa alikuwa amekiri kwamba mtaji wake katika elimu hiyo ni mdogo. Wanachuoni wa baadaye waliokosoa Hadithi dhaifu zilizomo ndani ya Ihya walikuta mwenye kitabu amekwisha kuungama. Huko Cordoba, mwaka wa 1109, kitabu hicho kilichomwa moto kwa amri ya watawala. Hadhramaut kilipokewa kwa namna nyingine: masharifu wa Ba Alawi walikisoma na kukirudia, na walipovuka bahari kuja Lamu na Mombasa mapenzi hayo walikuja nayo. Hata fiqihi yetu ya Kishafii, ile ya Minhaji ambayo makadhi wetu wameisoma, ina mkono wake ndani.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhir mwaka wa 505, sawa na Disemba 18, 1111, alitawadha na kusali. Ndugu yake Ahmad ndiye aliyeihadithia asubuhi hiyo. Aliomba sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, akanyosha miguu kuelekea kibla, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa amefariki. Aliacha mabinti tu, na mali ya kiasi cha kuwatosha matumizi. Fedha walizompelekea watu alikuwa akizirudisha.