Karen Blixen: Wembamba uliodhaniwa urembo

NYUMBA ya mawe ya mwandishi Karen Blixen, katika mtaa wa Karen, magharibi mwa jiji la Nairobi, imekuwa makumbusho tangu mwaka wa 1986. Waliomwona uzeeni walistaajabia umbo lake jembamba, wengine wakaliita urembo. Kumbe mwili ulikuwa umedhoofika.

Blixen alizaliwa Denmark mwaka wa 1885. Alifika nchini mwaka wa 1914, akakuza kahawa karibu na Milima ya Ngong hadi mwaka wa 1931. Mapema katika ndoa yake aliambukizwa kaswende, akatibiwa kwa zebaki na aseniki, dawa za enzi hizo ambazo zilikuwa sumu.

Aliporejea kwao maumivu hayakumwacha. Katika miaka ya 1950 alikatwa sehemu ya tumbo kutokana na vidonda, na tangu hapo hakuweza kula ipasavyo. Alifariki Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77, kwa kukosa lishe.

Anayejinyima chakula leo ili apate umbo kama lile akumbuke kwamba wahenga walituonya kuhusu uzuri wa mkakasi. Mizani hupima uzito, haipimi uzima.