Jon Postel, aliyezipa mashine utaratibu wa kupeleka barua

Si kila barua pepe inayoingia kwenye simu yako imeandikwa na mtu. Taarifa ya mwezi kutoka benki, kwa mfano, mara nyingi hutoka kwenye kompyuta iliyopangiwa saa. Saa ikifika inafanya hesabu zake, inaandika barua na kuituma, huku wenye ofisi wamelala. Kompyuta za namna hiyo, zinazohudumia watu wengi kwa pamoja, huitwa seva. Utaratibu unaotumika kupeleka barua zao kutoka seva hadi seva uliandikwa na Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu, aliyezoeleka kuonekana kazini amevaa makubadhi.

Jon Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, huko California. Alisoma sekondari ya Van Nuys, mjini Los Angeles, na shule hiyohiyo iliwatoa pia Vint Cerf na Steve Crocker. Watatu hao walikuwa pia wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1969 chuo hicho kilikuwa kituo cha kwanza cha ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, ambao baadaye ulizaa intaneti.

Vijana hao hawakuwa na mkubwa wa kuwaambia mashine zizungumzeje. Wakaanza kuandikiana nyaraka za mapendekezo, kila moja na namba yake, na kila mmoja akiruhusiwa kukosoa. Nyaraka hizo zinajulikana kwa kifupi kama RFC. Postel ndiye aliyekuwa mhariri wake tangu siku hizo za mwanzo hadi kifo chake, na zaidi ya 200 aliziandika mwenyewe au kwa kushirikiana na wenzake. Ni kazi ya karani, utasema. Lakini karani huyo ndiye aliyejua kila kitu kiko wapi.

Barua pepe zilikuwapo kabla yake. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao huo mwaka 1971. Ila kwa miaka kadhaa barua zilisafiri kwa kudandia utaratibu uliotungwa kwa ajili ya kuhamisha mafaili. Agosti 1982, akiwa katika taasisi ya sayansi ya habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, Postel alitoa RFC 821, kanuni inayoitwa SMTP.

Ukiisoma, unaona mazungumzo ya mlangoni. Seva inayoleta barua inapiga hodi kwa neno HELO. Kisha inamtaja mtumaji kwa amri ya MAIL na mpokeaji kwa amri ya RCPT, halafu inasema DATA na kumwaga barua yenyewe. Ikimaliza inaaga kwa QUIT. Mwenyeji anajibu kila hatua kwa namba ya tarakimu tatu. Namba 250 maana yake sawa, endelea. Inayoanza na 4 maana yake sasa hivi haiwezekani, jaribu baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, kama 550 pale ambapo sanduku la barua halipatikani. Mashine haihitaji kujua Kiingereza wala kubahatisha, kwani tarakimu ya kwanza tu inatosha kuiamulia la kufanya.

Aliwaza hata nukta. Mwisho wa barua huonyeshwa kwa mstari wenye nukta moja peke yake. Je, kama mwandishi mwenyewe ameweka mstari wa nukta katikati ya barua yake? Kanuni inaitaka seva inayotuma iongeze nukta ya pili mwanzoni mwa mstari wowote unaoanza na nukta, na inayopokea iiondoe. Bila hivyo barua ingekatwa katikati bila mtu kujua.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni bahasha. Katika utaratibu wa Postel, jina la mtumaji linalotajwa mlangoni ni kitu kimoja, na jina lililoandikwa ndani ya barua ni kitu kingine, kama ilivyo kwa barua ya posta. Fundi wa seva anaifaidi tofauti hiyo kila siku. Kwenye kompyuta nyingi, kazi za usiku husimamiwa na programu iitwayo cron. Kazi ikitoa maneno yoyote, cron huyakusanya na kumtumia mwenye kazi kwa barua pepe. Ikinyamaza, haitumi kitu. Barua hizo hufanana, na kichwa chake ni amri ya kompyuta ambayo asiye fundi haelewi. Ndipo fundi anapobadilisha. Kwenye mstari wa MAILTO anaandika nani apelekewe. Kwa programu ndogo ya pembeni anaweka kichwa kinachosomeka, mathalani kwamba nakala ya usiku imeshindikana, na jina la mtumaji ambalo watu wa ofisini wanalitambua. Bahasha inabaki na anwani yake, ili barua isipofika, habari imrudie anayehusika.

Na habari hiyo ya kurudi nayo ikishindwa kufika? Postel alieleza kwamba bahasha yake iachwe bila jina la mtumaji. Asiyekuwapo hajibiwi, hivyo mashine mbili haziwezi kukesha zikirudishiana malalamiko.

Lakini kanuni hiyo haikuuliza kama mtumaji ni yeye kweli. Iliandikwa kwa jamii ndogo ya watafiti waliofahamiana. Uhuru uleule unaomruhusu fundi kuweka jina zuri juu ya taarifa zake ulimruhusu tapeli kuweka jina la benki yako. Ukaguzi wa mtumaji uliongezwa miaka mingi baadaye, na bado si kila mahali umekamilika. Siwezi kusema Postel hakuona hatari yoyote, maana Novemba 1975 aliandika waraka mfupi, RFC 706, kuhusu barua zisizotakiwa na haja ya mashine kuweza kuzikataa.

Kazi yake nyingine ilikuwa daftari la majina na namba za mtandao mzima. Kwa njia hiyo alitufikia na sisi. Kila nchi ilihitaji herufi mbili za mwisho wa anwani zake, na Postel, kwa kuwa hakutaka kuwa hakimu wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo, alifuata orodha ya kimataifa iliyokuwapo tayari. Kenya ikapata .ke mwaka 1993 na Tanzania .tz mwaka 1995. Mwaka 1994 aliandika kwamba anayesimamia herufi hizo ni mdhamini kwa niaba ya taifa lake na ya watumiaji wa dunia nzima.

Biashara ilipoingia, daftari hilo likawa mali ya kugombewa. Januari 28, 1998, Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wanane wa seva za mizizi, zile zinazojua majina yote ya juu ya intaneti yanapatikana wapi. Aliwaomba waache kufuata mashine iliyosimamiwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani, wafuate ya kwake. Wakatii. Ikulu ya Marekani ilikasirika, naye akasema lilikuwa jaribio, akarudisha mambo yalivyokuwa. Wapo wanaoamini alitaka kuonyesha kwamba watu wa mtandao wanaweza kujiendesha wenyewe. Kwa mtu aliyechagua siku zake zote kuwa karani, ilikuwa hatua nzito.

Mwaka huohuo shirika la ICANN liliundwa ili lichukue kazi ya daftari. Postel hakuliona likikomaa. Oktoba 16, 1998, alifariki dunia mjini Los Angeles kwa matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Vint Cerf, rafiki yake tangu ujana, aliandika tanzia, nayo ikachapishwa katika mfululizo uleule ambao Postel aliuhariri, ikapewa namba 2468.